Ng'ombe wa Ng'ambo ya Bonde

Edgar wa Tanga alipatia wazo la udaktari kanisani, mahali ambapo wenzake hupatia toba. Alikaa benchi moja na Mama Eliaichi, mjane wa Malindi, ile ya milimani Lushoto, akamwona anasukuma kitabu cha nyimbo mbele mpaka mkono ukaisha. Na mama huyo, walisema watu, ana ng'ombe wa maziwa, mmoja tu, ndiye anayemlisha.

Kesho yake Edgar akapanda kwa mama huyo na pikipiki, amevaa koti jeupe la mtumba. Aliendesha polepole, watu wakadhani ni ustaarabu. Kumbe mbali haoni. Miwani yake nene ilikuwa mfukoni mwa koti, maana nani atampa macho yake daktari mwenye miwani?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wenu pale kwenye mahindi nimemwamkia mara mbili, kimya. Ana kiburi?"

Mama Eliaichi akatazama mahindi, kisha akamtazama Edgar.

"Yule haongei. Mzoee tu."

Edgar akatoa kitochi cha leza, kile chekundu watoto wanachochezea ukutani. "Mama, macho yanakusumbua."

"Ya karibu tu. Maharage napika na mawe yake. Mbali naona."

"Leza itamaliza! Mjini wanapasua kwa mwanga mtupu. Mimi mwenyewe nilipigwa leza, nikisimama hapa naona kuku wa Mnazi, kule chini tambarare, wakidonoa. Malipo ni ng'ombe."

Moyo wa mama uliruka, tusidanganyane. Bila ng'ombe yule hakuna chai wala chumvi. Lakini akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde.

"Si yule mweusi, amelala chini ya mkaratusi? Au humwoni?"

Edgar akakaza macho. Aliona ukijani na doa jeusi.

"Namwona! Hata masikio anayachezesha."

Nyuma ya nyumba ng'ombe akalia.

"Wa jirani huyo," akasema mama, na dhambi hiyo ataiungama mwenyewe Jumapili. "Sasa, yule mweusi ana mimba. Leza peke yake haitoshi. Acha na pikipiki. Na hilo koti, nina mtu wa kumvalisha."

Ng'ombe mwenye mimba kwa pikipiki kuukuu! Edgar akammulika mama paji la uso haraka haraka, akatoa ufunguo na kadi ya pikipiki, akavua koti, akateremka bondeni akipiga mluzi. Kilichokuwa mfukoni alikisahau.

Chini ya mkaratusi alimpapasa mnyama wake mgongoni. Mgongo ulikuwa wa plastiki. Akagonga, ukalia ndu, ndu. Lilikuwa tanki la maji.

Akapanda tena, akijikwaa kwenye kila jiwe, matusi yote yakiwa tayari mdomoni. Nyumba ilikuwa imefungwa. Hezekia, mtoto wa Mama Eliaichi, alikuwa amempakia mama yake kwenye pikipiki, wameenda Lushoto mjini kutafuta miwani ya kusomea.

Katikati ya mahindi alibaki yule mzee asiyeongea, sanamu ya kufukuzia tumbili, sasa ana koti jeupe na miwani nene usoni. Edgar akaona weupe ule, akamshukuru Mungu, akasogea kwa adabu.

"Shikamoo, dokta," akasema. "Nisaidie, macho yangu yana shida."