Alama Kumi na Moja za Bustani

Halmashauri ya mji ilitangaza kwa kipaza sauti, kuanzia stendi hadi sokoni, kwamba bustani ya umma, ambayo wananchi walikuwa wameipenda kiholela kwa miaka tisini, sasa ingepimwa thamani yake ya urithi kitaalamu. Mapenzi yasiyo na fomu, tangazo lilifafanua, hayana mashiko kisheria.

Kazi ilimwangukia Afisa Urithi, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kuchelewa kazini wala kuruka kisanduku kwenye fomu. Aliamini kwa dhati kwamba dunia ingetulia kama kila mtu angejaza sehemu B kabla ya kugusa sehemu C. Mwenyekiti wa halmashauri alimwita ofisini, akamkabidhi mwongozo wa kurasa arobaini uliotungwa na kamati iliyojifungia hotelini siku nne.

"Usipendelee," alimwambia. "Wewe pima tu. Ikipata chini ya hamsini, tunaweka maegesho ya magari ya waheshimiwa. Sisi ni watumishi wa sayansi."

Sayansi yenyewe haikuwa na utata. Mali ya urithi, mwongozo ulisema, ni ile iliyobaki kama ilivyokuwa, isiyochakazwa na matumizi ya watu.

Hapo ndipo bustani ilipoponzwa na wateja wake. Mabenchi yalikuwa yamelainishwa na makalio ya vizazi vitatu: toa alama kumi na tano. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa na watoto: toa ishirini. Mpiga picha wa bustanini alileta albamu ya maharusi mia na ushee, wote wamesimama mbele ya chemchemi ileile.

"Huu si ushahidi wa thamani, dada?"

"Ni ushahidi wa msongamano," Afisa alijibu, akaandika.

Kwenye chemchemi alimkuta mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimwagiza azunguke hapo kila asubuhi na mkongojo wake.

"Mama, naomba usogee. Mkongojo unaacha alama kwenye sakafu ya kihistoria."

"Alama hizo ndizo zimenirudishia mguu," mama alisema. "Hilo mnaliandika wapi?"

Afisa alipekua fomu mbele na nyuma. Hapakuwa na kisanduku. Jambo hilo lilimkaa vibaya rohoni, lakini alifunga faili akaondoka.

Bustani ilipata alama kumi na moja kati ya mia. Mwenyekiti alifurahi mpaka akajikwaa kwenye zulia.

Jioni ile, wakila nyumbani, mama alimuuliza Afisa kwa upole, "Hicho kipimo chenu mmekijaribu na kwingine, au mmeanza na sisi tu?"

"Ni cha mali zote za umma, mama. Kifungu cha tisa."

"Basi na jengo lenu ni la umma. Au lile ni la baba yake Mwenyekiti?"

Swali halikuwa na adabu, ila kikanuni lilikuwa sahihi, na Afisa hakuwa mtu wa kuacha kifungu kikining'inia. Kesho yake akaanza kupima jengo la halmashauri.

Alikuta hazina. Kitabu cha malalamiko kilikuwa hakijafunguliwa tangu kinunuliwe. Kiti cha huduma kwa wateja kilikuwa bado na nailoni ya dukani. Maombi ya maji yalikuwa yamepangwa vilevile kama yalivyopangwa na makarani waliokwisha kustaafu, na sanduku la maoni lilikuwa na kufuli lisilowahi kuwa na ufunguo.

*Matumizi ya binadamu: hakuna*, aliandika kwa heshima.

Alama tisini na saba. Tatu zilipotea kwa sababu ya chumba cha chai.

Ripoti iliingia kwenye faili la kusainiwa. Mwenyekiti aliisaini kama alivyosaini nyingine zote, huku akiongea na simu.

Jumatatu wakubwa walikuta kamba mlangoni na kibao: URITHI DARAJA LA KWANZA. USIGUSE. Magari yasisogee ndani ya mita mia mbili, kwa kuhofia mtikisiko.

"Fungua," Mwenyekiti alimwamuru Afisa.

"Mheshimiwa, kuingia kunahitaji kibali."

"Anatoa nani?"

"Wewe, mheshimiwa. Lakini muhuri umo ndani."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na sisi tufanyie kazi wapi?"

"Mwongozo unasema mahali pa karibu pasipo na thamani."

Wote waligeuka kutazama ng'ambo ya barabara.

Hivyo halmashauri ikahamia bustanini, na Mwenyekiti akapewa benchi la karibu na chemchemi. Kwa siku mbili katibu muhtasi alijitahidi kuwaambia watu kwamba mheshimiwa yuko kikaoni, lakini mheshimiwa alikuwa anaonekana, hatua tatu nyuma yake, anamenya karanga.

Siku ya tatu mama yake Afisa alimaliza mizunguko yake, akasimama mbele ya benchi na kuulizia taa ya mtaani kwake, iliyozimika mwaka wa pili sasa.

"Njoo kesho, bibi," Mwenyekiti alisema.

Bibi akajishusha taratibu, akakaa kando yake, mkongojo kati ya magoti. Kwenye meza ya jirani Afisa Urithi aliinamia fomu zake ili asionekane anacheka.

"Nitasubiri hapahapa, mwanangu," bibi alisema. "Mimi sina haraka, na wewe huna mlango."