Umri wa Baiskeli ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara ameweka tangi la samaki dirishani. Samaki wa rangi ya machungwa, na taa ya buluu juu yao. Wateja wangu husimama pale kuangalia, halafu wanaona haya kuondoka bila kunyoa. Mimi leo nimepata kichwa kimoja tu, nacho ni kipara. Alitaka kuchongwa ndevu.

Hata hivyo nashukuru. Mchana mama mkwe kanipigia simu. Anasafisha stoo na amekutana na baiskeli ya marehemu baba mkwe, ile ya mashindano, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Akasema ni ya Kiitaliano, na kwamba kati ya wakwe zake wote ni mimi tu ninayepokea simu. Nimeikokota hadi dukani. Chini ya vumbi ni nyekundu. Nitaitundika dirishani na kibao cha kueleza ukale wake. Samaki hawana historia.

Jumanne, 4 Machi

Kibao kinahitaji jina la kiwanda na mwaka. Shingoni mwa fremu palikuwa na karatasi ya nembo, imefifia. Nikaisugua kwa siki ili isomeke. Sasa haipo. Zimesalia herufi nne za mwisho: elli. Mke wangu akasema majina ya nusu ya Waitaliano yanaishia hivyo. Hatujui Mwitaliano hata mmoja, lakini alisema kwa uhakika.

Nikataka kufungua bakuli, kile kifuniko cha chuma kinachoshika ekseli ya pedali, upande wa mnyororo, huenda mwaka umeandikwa ndani. Nikazungusha kama zinavyofunguliwa baiskeli zote za mtaani. Nikazungusha kwa mikono, kwa kifua, mwisho kwa mguu. Spana ikaniponyoka na kuvunja chupa ya spiriti. Fundi baiskeli wa kona akaja kuangalia kelele ni za nini. Akaniambia kwamba baiskeli za kawaida upande ule hufunguka kinyume, ila za Kiitaliano hazina kinyume. Kwa hiyo muda wote ule nilikuwa nakaza.

Nikamkumbatia. Asili yake imethibitishwa, na hasara ni spiriti tu.

Jumatano, 5 Machi

Mwaka umepatikana, na sijaupenda. Kwenye nati ya ekseli ya gurudumu la mbele imepigwa chapa: 74. Nati ya nyuma nayo: 74. Fundi akasema viwanda fulani vya vipuri vilikuwa na tabia hiyo. Nati zikikubaliana, na hakuna dalili ya magurudumu kubadilishwa, basi baiskeli nzima ni ya wakati huo.

Sabini na nne si ukale. Mimi mwenyewe nakaribia umri huo wa baiskeli na hakuna anayenitundika dirishani.

Nimezipaka nati dawa nyeusi ya viatu. Kisha nikaandika kibao kwa rangi nzito: FAHARI YA ITALIA, 1949. Kwa nini arobaini na tisa? Tisa naichora vizuri. Namshukuru aliyebuni dawa ya viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi ya neema. Watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Hata kinyozi wa samaki alivuka barabara, akaitazama baiskeli kwa makini, akasema ni nzuri. Alisema kwa upole, jambo lililonikera.

Nikaona nisiishie hapo. Nikamwita mama mkwe aje awasimulie wateja ilikotoka. Alikuja amevaa gauni lake la sherehe. Nikampa kiti cha karibu na feni. Akasimulia kwamba marehemu alikuwa mpishi wa kambi ya wahandisi waliojenga daraja. Mhandisi mmoja Mwitaliano aliagiza baiskeli kwao, ikafika mpya ndani ya sanduku, na wiki hiyohiyo akaumia goti. Akampa mpishi wake. "Nakumbuka vizuri," alisema mama mkwe, "maana ni wiki niliyomzaa huyu binti yangu, mke wa kinyozi wenu huyu."

Wateja wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu zaidi.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa kitini na povu shavuni, akageuka kusoma kibao. Alifundisha hesabu maisha yake yote. Niliona midomo yake ikitembea. Halafu akatamka, bila ubaya wowote, kwamba mke wangu ametunzwa vizuri sana kwa mtu aliyepita miaka sabini.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na chakula changu cha mchana. Akageuka nacho.

Ijumaa, 7 Machi

Habari imeenea. Wanaume waliozoea kumwita mke wangu shemeji sasa wanamwita bibi. Mwalimu mwenyewe, ambaye nywele zake ni pamba tupu, alivua kofia sokoni na kumwamkia shikamoo. Mke wangu akaitikia marahaba.

Kinyozi wa samaki kamletea rangi ya nywele, bure, na salamu za heshima.

Nyumbani mke wangu anaongea na mimi kupitia mama yake, ambaye bado hajarudi kwake. Mama mkwe ananiambia kuwa chumvi inaombwa, nami nampa chumvi mama mkwe, naye anampa binti yake aliyekaa karibu yangu. Nashukuru kwamba mama mkwe yupo. Bila yeye kila mtu angekula bila chumvi.

Nilijaribu kueleza kwamba huenda baiskeli ilikaa sandukuni tangu 1949. Mama mkwe alikataa kuufikisha ujumbe huo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika dukani nikawakuta wote wawili ndani. Mke wangu alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli, anafuta nati kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba marehemu alizoea kumwonyesha mwaka wake wa kuzaliwa palepale, alipokuwa bado mdogo. Dawa ya viatu ikatoka. 74 ikang'aa. Akaiwekea kidole.

Nikangoja nigombezwe. Badala yake mama mkwe akaanza kusimulia, safari hii kwa sauti ndogo. Siku ya kutoka hospitali, marehemu alikuja na baiskeli hii kuwachukua. Haina kiti cha nyuma, haina hata pa kufunga mzigo. Ikabidi aikokote njia nzima, kanga na nepi zikining'inia kwenye usukani, mama mkwe akitembea pembeni na mtoto mikononi. Kila mpita njia alimsimamisha marehemu kusifia baiskeli. Naye kila mmoja alimwambia aache chuma, atazame mtoto.

"Miaka mingi sikuwa nimeikumbuka siku ile," akasema. "Asante, mwanangu, kwa kuitoa stoo."

Nikachukua brashi nikafuta kibao, nikaandika 1974. Saba haikutoka vizuri, mke wangu akanishika mkono tukairekebisha pamoja. Akaniambia, yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kwamba mimi ni mjinga. Sijawahi kushukuru hivyo kuitwa mjinga.

Jumapili, 9 Machi

Siku tulivu. Mwalimu alipita kuomba radhi, akamwita mke wangu binti. Nikala vizuri.

Nilipokuwa nafagia duka nilikitazama kioo chetu kikubwa cha ukutani. Fremu ya mbao, imechongwa maua, na nyuma kuna herufi za kigeni. Kwa kweli kina sura ya ikulu. Nikampigia mama yangu mzazi kumuuliza kilitoka wapi. Akasema ni zawadi waliyopewa siku ya harusi yake, kikiwa kipya kabisa.

Nimemwomba aje Jumanne awasimulie wateja. Amekubali kwa furaha. Kibao nimeshakimaliza: KIOO CHA KIFALME, 1909. Tisa mbili, zote zimetoka vizuri mno.