Mvumo wa Asili

Siku Mafuta alipoiona riziki yake, haikuwa imevaa vizuri. Ilikuwa imerundikwa kwenye stoo ya duka la vyombo vya muziki, masanduku tisa chini ya turubai, na mwenye duka aliyatazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesema atalala siku mbili na sasa anamaliza mwezi.

Yalikuwa masanduku ya amplifaya za gitaa. Kuna kiwanda fulani ambacho miaka sitini iliyopita kilitengeneza amplifaya za vali, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani, hadi wapiga gitaa wakawa wanaapa kwa jina lake. Mafundi wale wakafa. Wajukuu wa mwenye kiwanda wakaishiwa, wakaamua kuzitoa upya. Kitambaa kilekile cha dhahabu mbele, vifundo vilevile, mshikio uleule wa ngozi. Ndani waliweka aibu. Ukiiwasha tu inavuma kama friji la bucha. Ukiongeza sauti inatatarika. Ukiliweka gitaa chini ukaenda zako kunywa maji, yenyewe inabaki ikipiga miluzi. Wateja walizinunua kwa mbwembwe, wakazirudisha kwa matusi. Mwenye duka aliandika kiwandani kulalamika, akajibiwa kwamba huo ni mvumo wa kawaida kwa mtambo wa namna hiyo, na kwamba wanamshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu.

Barua hiyo alimsomea Mafuta kwa sauti ya msibani. Mafuta hakuusikia msiba. Aliwaza kwamba kama kiwanda kizima, chenye wanasheria, kinaweza kuuita ubovu jambo la kawaida, hakuna sheria inayomzuia yeye kuuita heshima. Akazichukua zote tisa kwa bei ya mbao zake, na mwenye duka akamsaidia kuzipakia mwenyewe, mbio mbio, asije akabadili mawazo.

Tuseme ukweli kuhusu mtu huyu. Waliitwa wajanja wengi mjini, lakini Mafuta ndiye aliyejua kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka aliyepakwa akashukuru. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika hata na wazazi. Alikuwa na suti mbili, saa isiyotembea, na miaka arobaini na mitatu, na bado alilala kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya shangazi yake, kitandani katikati ya redio zilizokufa. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: fleti iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, yenye roshani. Alitaka asimame pale juu asubuhi na kikombe mkononi, watu wapite chini wakimwona. Haja yake ilikuwa hiyo tu, na aliitaka kwa uchungu wa kweli.

Shangazi alikuwa fundi wa redio tangu enzi ambazo wanaume walikuwa wakimletea kazi kisha wanauliza fundi yuko wapi. Mafuta alipoanza kuzizeesha amplifaya zake kwa msasa, majani ya chai na vumbi la mfuko wa simenti, yeye alichukua bisibisi akaifungua moja nyuma, akachungulia.

"Aliyeunganisha hii alikuwa anakimbilia chakula cha mchana," alisema.

Akamwonyesha. Waya wa umeme umelazwa ubavuni mwa waya wa sauti. Waya wa ardhi umeshikizwa kwa tone la lehemu lisilotosha kuziba tundu la sindano. Vali zimechomekwa bila kupimwa, kila moja na tabia yake. Alisema apewe alasiri moja kwa kila moja, zote zitanyamaza.

"Shangazi, ukizinyamazisha umeniua," Mafuta alimwambia. "Huo mvumo ndio mali yenyewe."

"Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu," alijibu Shangazi, akaifunga. Lakini alikubali kuzikazia skrubu na kumbadilishia vibao vya namba za kiwandani, kwa ahadi kwamba atalipwa.

Wa kwanza kuliwa alikuwa Daktari wa meno. Alipiga gitaa vibaya, lakini kwa gharama kubwa, na alikuwa kiongozi wa kikundi cha waheshimiwa waliokutana kila Jumapili kutesa nyimbo za watu. Mafuta alimfuata kliniki mgonjwa wa mwisho alipotoka akishika shavu. Akaweka amplifaya juu ya meza ya vifaa, akachomeka plagi, akaiwasha. Chumba kikajaa mvumo, hata vikoleo vikaanza kucheza kwenye sinia.

"Funga macho, Daktari. Unasikia nini?"

"Nasikia inavuma."

"Masikio ya kawaida husikia inavuma. Wewe hebu sikiliza tena."

Daktari akasikiliza tena. Hakuna kitu kinachomtesa msomi kama kudhaniwa ana masikio ya kawaida. Jasho jembamba lilimtoka. Mwishowe akasema polepole kwamba ni kama, yaani, inapumua.

"Mimi sijasema neno," Mafuta alinong'ona, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshuhudia muujiza.

Ndipo akamweleza juu ya mvumo wa asili. Kwamba za zamani za kweli zote zinavuma, na kadiri zinavyozeeka ndivyo mvumo unavyokomaa. Kwamba isiyovuma ni ya kuigiza, sanduku la bati, haina roho. Daktari alinyanyuka, akafungua kabati, akatoa amplifaya nzee iliyochakaa, mshikio wake umefungwa kwa waya, kitambaa cha mbele kina kiraka cha bluu. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, aliyepiga gitaa kwenye bendi ya dansi. Akaichomeka. Vali ziliwaka vizuri, na hapakusikika kitu.

Mafuta alitikisa kichwa kama anayeleta majibu mabaya ya maabara. "Mzee wa watu walimwingiza mjini. Usimwambie mama watoto, utamvunja moyo bure." Kwa huruma akajitolea kuiondoa kabatini humo, iwe nyongeza juu ya bei ya ile inayopumua.

Msomaji atauliza, je, mtu huyu aliyejua kwamba mvumo ni ubovu, hakuwaza kwamba kimya ni uzima? Hakuwaza. Alikuwa amekaa miaka ishirini akitazama nyuso za watu, hakuwahi hata siku moja kusikiliza chombo. Alichokiona ni kiraka na waya. Na soko alilokuwa akilifungua kwa mdomo wake mwenyewe halikutaka kimya. Kitu kile asingeweza kukiuza kwa yeyote.

Kwa hiyo Shangazi alipodai ujira wake, Mafuta alimpa hicho chombo cha kiraka. Alikibwaga juu ya meza yake ya kazi akasema ndiyo malipo, akipenda akitumie kwa vipuri.

Shangazi alikifungua nyuma, akatazama ndani kwa muda mrefu. Akakifunga. Aliposema, sauti ilimtetemeka.

"Hata hakivumi, mwanangu. Mimi niliyekulea, ndiyo unilipe kisichovuma?"

Mafuta alijisikia vibaya kidogo, na ili asiendelee kujisikia vibaya akawa mkali. Akamwambia hali ni ngumu na huo ndio uwezo wake. Shangazi akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akauliza kama basi wamemalizana. Wamemalizana, alijibu Mafuta, hakuna kudaiana, hata kesho. Akatoka. Aibu ilimfuata hatua tano hivi, ikachoka, ikarudi.

Ndani ya wiki tatu kikundi kizima kilikuwa kinavuma. Wakili alinunua mbili. Waheshimiwa hawakupiga tena nyimbo; walikuwa wakikaa mduara, amplifaya zimewashwa, magitaa yamelazwa sakafuni, wakilinganisha mvumo wa nani umekomaa. Mmoja ambaye yake ilivuma kidogo alichekwa mpaka akaacha kuja. Mafuta alihudhuria na kusema "aah" penye kustahili.

Mwenye Majengo alijiunga mwisho, na huyo ndiye aliyekuwa na fleti yenye roshani. Hakuwa mtu wa kutoa fedha taslimu. Alisema atamwachia Mafuta fleti miaka mitatu bure, kwa amplifaya ya mwisho, ile iliyovuma kuliko zote, ambayo Mafuta alikuwa ameiweka akiba kama mahari. Sharti moja tu: aje kwanza mama mwenye studio ya kurekodi, mtu anayejua, aisikilize. Mafuta akakubali kwa furaha. Wajuzi alikuwa amekwisha kuwala wengi, na huwa laini kuliko wajinga.

Jumapili alasiri walijaa sebuleni kwa Mwenye Majengo. Funguo za fleti zilikuwa mezani, juu ya kitambaa, na Mafuta hakuzitazama zaidi ya mara ishirini. Mama wa studio alikuja na penseli tu. Hakuomba gitaa. Aliiwasha ile amplifaya, akaiacha ivume, akaizungukia nyuma, akagonga vali moja kwa penseli. Spika ikatoa mlio wa sufuria. Akagonga nyingine, sufuria nyingine. Kisha akainusa.

"Hii ni mpya," alisema. "Ni mbovu, na imeogeshwa chai."

Mafuta alisimama akatoa hotuba yake, mvumo, kupumua, kukomaa, roho. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizopata kutoa, kwa kuwa safari hii aliitoa kwa hofu. Yule mama alimwacha amalize.

"Waliozitengeneza zile za zamani walikuwa wakifukuzwa kazi zikivuma," alisema. "Ya kweli nimeinunua Jumatatu. Nilipoiwasha nilidhani umeme umekatika. Mshikio umefungwa kwa waya, lakini ndani ni dhahabu."

"Ina kiraka?" aliuliza Daktari.

"Cha bluu."

Daktari wa meno akakaa chini, ingawa pale hapakuwa na kiti. Mwenye Majengo akanyoosha mkono, akazichukua funguo, akazirudisha mfukoni. Mafuta akasema ngoja akalete cheti cha kiwanda, amekisahau, na akatoka na suti yake nzuri akikimbia bila kusimama mpaka karakana.

Shangazi alikuwa anakunywa chai. Mafuta aliangalia meza ya kazi, akaona nafasi tupu.

"Ulijua," alisema akihema.

"Lehemu ya mle ndani ni ya mkono wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, bendi ya baba mkwe wa daktari wako ilikuja kwangu kila ikisafiri. Nisiijue kazi yangu?"

"Ukanilaghai. Ukalia."

"Nililia, ndiyo. Kwamba mtoto wa kaka yangu anichagulie takataka mbaya kuliko zote na kusema nimelipwa, hilo lingemliza yeyote. Lakini nilisema nini? Nilisema hakivumi. Kilikuwa kinavuma?"

Mafuta alibadilisha sauti, akaleta ile laini, akasema wao ni damu moja, wagawane hata theluthi. Shangazi alimsikiliza kwa upole wote, akamkumbusha kwamba walimalizana, hata kesho, na akaendelea na chai.

Nje kulisikika gari likisimama, kisha milango mitatu, kisha watu wakishusha vitu vizito. Mama wa studio alikuwa amewaelekeza kwa fundi pekee mjini anayeweza kuzinyamazisha. Mafuta aliingia chumba cha nyuma kimya kimya, akavuta pazia. Aliisikia sauti ya Daktari ikisalimia, ya Wakili ikikohoa, na ya Mwenye Majengo ikiuliza kama hapa ndipo kwa fundi.

"Hapa hapa, karibuni," alisema Shangazi. "Kama shida ni mvumo, ziwekeni mezani, hiyo ni kazi yangu. Na kama ni maneno, mwenyewe yumo ndani humo."