Tumbawe Jeupe la Dobi

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumbawe limekuwa jeupe. Jeupe pe, kama kanzu ya Ijumaa! Miezi mitatu limekaa sebuleni kwangu na rangi ya chai iliyosahaulika mezani, na mimi nimefanya udobi miaka ishirini na sita. Rangi ile ilikuwa inaniuma kila nikipita. Sasa limetakata. Namshukuru Mungu, na kidogo najishukuru mwenyewe.

Tangi ni la binti yangu. Alipopata kazi mji wa mbali aliniachia kila kitu: kioo, taa ya buluu, pampu inayokoroma, samaki mmoja mwenye mistari, konokono mmoja, na hili tumbawe alilolilea tangu likiwa kama kidole gumba. Alisema nisifanye lolote ila kulisha samaki. Nimefanya zaidi ya hapo. Tangu mama yake afariki nyumba ni kimya, na mtu lazima ashughulike na kitu. Taa nimeipandisha mpaka mwisho. Maji yakipungua naongeza ya chumvi. Si ni maji ya bahari? Yaongezwe nini tena?

Nimelipiga picha, nimemtumia. Nikaandika chini: Ona kazi ya baba yako.

Amepiga simu papo hapo. Sijazoea. Yeye hupiga Jumapili, dakika kumi, tunaulizana kama mvua imenyesha. Leo tumezungumza saa nzima.

Kumbe weupe si usafi. Kumbe ndani ya tumbawe mnaishi vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolipa rangi na chakula. Likiteseka linavifukuza, linabaki kama mfupa uliovikwa kioo. Kumbe maji yakikauka chumvi haiendi nayo, inabaki tangini. Kwa hiyo miezi mitatu nimekuwa nalitia chumvi kama samaki wa kukausha. Nimeona haya.

Maagizo: maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, polepole. Taa nusu. Nisilihamishe, nisilisugue, nisilishike. Amesema dawa yake kubwa ni kuachwa peke yake. Nikamwambia dawa hiyo naijua, mimi naitumia kila siku, wala sijaona faida yake. Hakucheka.

Amesema atapiga kesho kujua limeamkaje.

Kesho ni Jumanne tu!

Jumanne, 4 Machi

Amepiga. Ameuliza limeamkaje, kama mama yake alivyokuwa akiuliza homa ya mtoto. Nimesema bado. Ni kweli, bado. Dakika arobaini, pamoja na habari za viatu vyake vipya na za mkuu wake wa kazi anayetafuna kalamu. Sikujua habari za mtafuna kalamu. Nimezipenda sana.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kuchukua taulo zake, akauliza mbona natabasamu peke yangu mbele ya pasi. Kinyozi ana watoto wanne, wote wanaishi karibu, na kila Ijumaa wanakula kwake. Vijiko vyao navisikia kupitia ukutani. Ana pia samaki wa dhahabu kwenye bakuli, basi anajiona bingwa wa bahari. Alichungulia tangi akasema hilo limeshakwenda, nilitoe kabla halijanuka. Nikamwambia akamalizie kwanza yule mteja aliyemwacha na povu nusu kidevu.

Jumatano, 5 Machi

Tumbawe limetoa vidole! Vidogo, laini, kama nyuzi zinazotoka kwenye pindo la shati kuukuu. Vinapungia maji. Kipimo cha chumvi alichonielekeza kabatini nacho kinashuka.

Nimefurahi kwa dakika mbili. Kisha nikakaa kitini. Likipona, binti atarudi kwenye Jumapili zake.

Baada ya sala ya alasiri nimeomba lipone, ila lisiwe na haraka. Sikumuuliza shehe kama dua ya namna hiyo inafaa, maana jibu lake nalijua.

Jioni aliuliza kuhusu vidole. Nikasema havijatoka. Uongo, na kwa ajili ya vidole vya kitu kisicho na mikono. Mungu anisamehe. Akavuta pumzi. Akasema basi atakuja mwenyewe Jumapili. Nia yake ilikuwa alichukue akae nalo kwake, lakini kama ni dhaifu hivyo haliwezi kusafiri. Itabidi akae nyumbani wiki nzima alihudumie.

Wiki nzima. Nimeandika mara mbili nione neno linavyokaa. Wiki nzima.

Kwa hiyo kazi yangu ni moja. Jumapili tumbawe lisiwe limekufa, kwa maana hatakuwa na cha kumleta. Wala lisiwe limepona, kwa maana atalitia kwenye ndoo aondoke nalo siku hiyo hiyo. Liwe katikati. Kama shati linaloweza kuvaliwa lakini mwenye macho atalirudisha kwa dobi.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nimerudi msikitini nikaona doa la kahawia chini kwenye shina, ukubwa wa punje ya dengu. Rangi inarudi. Mambo ya ajabu haya: maisha yangu yote nimefukuza madoa, na hili moja ndilo la heri, nami bado nataka kulifukuza.

Mkono ulishaenda kwenye brashi ya kola. Naandika ukweli hapa. Ulikwenda, ukashika, ukarudisha. Brashi hapana. Mimi si muuaji.

Nikaamua kuligeuza tu, doa litazame ukuta. Nikakunja mikono ya shati nikasema bismillahi. Hivi mlima wa nguo unaoteleza sabuni naumudu kila siku, lakini tumbawe moja! Limeteleza likagonga jiwe. Tawi moja limekatika. Vidole vyote vikaingia ndani, kama watoto waliosikia sauti ya baba.

Tawi likaangukia nyuma ya pampu, mkono wangu haufiki. Nikalazimika kugonga kwa Kinyozi, Ijumaa, katikati ya vijiko. Nikamwomba kibano chake kirefu. Akaja nacho mwenyewe, na aproni yake, akainama juu ya tangi akalitoa taratibu kama unywele kwenye jicho. Hakusema "nilikuambia".

Alikaa. Nikamuuliza kama wanawe hawamngoji. Akasema wapo, kila mmoja na simu yake, hata akitoka hawajui. Kisha akasema huwa ananisikia kupitia ukuta nikizungumza na binti yangu, nacheka, na akimwambia mkewe anyamaze asikilize, mkewe anamwambia ana wivu. Nilimwongeza chai.

Jumamosi, 8 Machi

Tawi nimelirudisha mahali pake na kulifunga kwa uzi wa vifungo, mweupe, mafundo mawili. Doa linatazama ukuta, na kwa mbali uzi huuoni. Kwa karibu linafanana na mgonjwa wa meno aliyefungwa kitambaa tayani.

Nimefua mashuka ya chumba cha binti. Nimeyapiga pasi mara mbili. Moja ningeweza kusema ni desturi ya kazi.

Jumapili, 9 Machi

Amefika saa nne asubuhi. Begi lake ni kubwa mno kwa mtu aliyekuja kumuuguza mgonjwa asiyevaa nguo. Hakuvua hata viatu. Alipiga magoti mbele ya tangi, uso wake ukawa wa buluu kwa ile taa.

Aliuliza nani amefunga. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Nikasema uzi wa vifungo. Akasema hakuulizia kilichofungia, aliuliza sababu. Kisha akaegemeza shavu ukutani akachungulia nyuma ya tangi, pale pale nilipoficha doa. Katika nyumba nzima, hapo hapo! Dakika haikuisha.

Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikisema nimeshakula. Rangi imeanza kurudi lini? Ijumaa. Mbona sikumwambia? Nikasema pasi ilikuwa inawaka.

Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha hakuwa anacheka tena, akavua miwani akaifuta kwa kitambaa cha meza yangu, kilichopigwa wanga.

Akasema likizo ya wiki nzima aliiomba tangu mwezi uliopita, kabla ya weupe wowote. Alikuwa anangoja nimwambie njoo. Akasema kila akiniuliza mimi mwenyewe nikoje, huwa nasema mzima, na simu inakwisha. Ndiyo maana akaanza kuulizia tumbawe. Tumbawe angalau lina habari. Akasema, "Baba, siku nyingine sema tu unanikumbuka, nije."

Nikasema nimesikia.

Jumatatu, 17 Machi

Ameondoka jana. Wiki ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuishi. Tulikula mezani, si juu ya meza ya pasi. Kinyozi alikuja kila jioni kuona vidole, akaja hata Ijumaa.

Tumbawe kubwa amelibakisha, maana amesema limezoea maji ya hapa na safari italirudisha nyuma. Tawi amelibandika juu ya kokoto kwa gundi, akalitia kwenye chupa, akalibeba mapajani. Kumbe tawi likikatika halifi, linaota na kuwa tumbawe jingine. Sasa yeye ana lake, mimi nina langu. Madoa ya kahawia yamefika nusu ya shina. Nayavumilia.

Sebule imerudi kuwa sebule. Mashuka yake sijayafua.

Leo amepiga baada ya magharibi, na ni Jumatatu. Hakuulizia tumbawe. Aliuliza baba hujambo, wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kikaratasi cha mteja maneno yale aliyonifundisha: Nakukumbuka, njoo. Nilikuwa nimekishika.

Nikasema mzima.

Pampu ikakoroma. Nikakitazama kikaratasi, nikatazama tangi. Nikasema, ila huyu konokono, mwanangu. Hajasogea tangu asubuhi, na hali yake siipendi.

Kisha akauliza, kwa sauti ya daktari kabisa, amekaa upande gani wa kioo.

Tumezungumza saa nzima. Kesho nitamhamishia nyuma ya pampu. Konokono mgonjwa ni simu ya kila siku. Aliyepotea kabisa, kwa hesabu yangu, ni likizo isiyopungua wiki mbili.