Kitambaa cha Meza ya Bwana

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wewe mjukuu unayefungua daftari la bibi yako, huna adabu. Nimeliweka chini ya godoro, si sokoni. Lifunge.

Sasa niandike. Jana Mchungaji katuambia kila mtu ampendeze Mungu kwa kazi ya mikono yake. Seremala achonge, mwenye sauti atunge wimbo. Meza ya Bwana nayo inataka kitambaa kipya. Hajamaliza kusema, Mama Lesi kashanyoosha mkono. Huyo kila kitu chake kina lesi, hata kifuniko cha ndoo. Nami nikanyoosha, tena nikasimama. Mchungaji, mtoto niliyemwona akinyonya kidole, akasema basi tushone pamoja. Pamoja na nani? Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi si ng'ombe.

Shauri langu: nishone changu kimyakimya, Jumapili niwahi kukitandika. Mungu akishaona, kaona.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kanisani na ndoo na tambara, kama mtu wa kupiga deki. Kumbe napima meza. Futi ya fundi cherehani sikuiomba; fundi ni mdogo wake Mama Lesi, na mdomo wake hauna mlango. Nikachomoa mpira wa kiunoni kwenye sketi yangu, nikauvuta toka pembe hadi pembe, nikafunga fundo. Akili ni mali.

Nimerudi nimeishika sketi kwa mkono. Njiani Mama Lesi huyo. Eti, dada, tumbo linakuuma? Nikamwambia huniuma nikikutana na wambea.

Alhamisi, tarehe 6

Nashona tangu jana. Msalaba katikati, zabibu pembeni. Zabibu zimetoka kama mayai ya bata, lakini Mungu hutazama nia. Mjukuu kauliza mbona jina langu ni kubwa kuliko msalaba. Nikamjibu, mke mwenzangu, Mungu ana watu wengi, asije akambariki mwingine kwa jasho langu. Akacheka mpaka akakaa chini. Watoto wa siku hizi hawana hofu ya Mungu.

Jumapili, tarehe 9

Nimefika kanisani kabla ya mfagiaji. Nimetandika. Kitambaa kifupi, shubiri nzima kulia, shubiri nzima kushoto. Mpira niliuvuta pale mezani, nyumbani ukanywea, nami nikakata kwa ule ulionywea. Mbao za meza ziko nje kama magoti ya mzee. Nikivuta huku, kule kunapungua.

Mara Mama Lesi kaingia. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Katoa mkobani lesi aliyoifuma wiki nzima, vipande viwili vya pembeni tu. Akasema, dada, si tuliambiwa pamoja? Katikati nilikuachia wewe. Akachomoa sindano kwenye kilemba, akaunga. Ikaenea sawasawa. Mwanamke hana haya.

Mchungaji kahubiri juu ya kitambaa hicho saa nzima. Eti hivi ndivyo Mungu anavyopendezwa, mikono ya wawili, moyo mmoja. Kisha akaweka Biblia juu ya jina langu. Juu kabisa, hata herufi moja haikuchungulia. Watu wakatoka wakisifu lesi.

Jumatatu, tarehe 10

Nimeomba zamu ya kukifua kitambaa. Mchungaji kafurahi, kasema, Bibi, Bwana amekugusa. Amenigusa kweli. Nimepiga magoti nikamuuliza Mungu kama anapenda kazi ya watu wawili pale ambapo mmoja angetosha. Hakujibu. Kunyamaza ni kukubali. Meza ivae fupi, lakini ivae yangu.

Mjukuu, acha vyombo, lete mkasi. Fumua lesi ya upande wa kulia, mimi nakuja na wa kushoto. Na Jumapili ukiulizwa, sema panya.