Programu Isiyoonyesha Sebule

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amepiga simu kutoka kwa mwanawe mkubwa, alikokwenda kupumzika. Amechoka na simu ya mkononi, anasema herufi zake ni kama sisimizi. Kule wana kompyuta ya mezani yenye kioo kipana. Hapa kwake, anakotusitiri mimi na binti yake, ipo nyingine. Nitafute basi programu ya kuzungumzia. Amekumbuka sebule yake, anataka kuiona.

Hapo ndipo penye kazi. Sebule yake ina vifaranga mia mbili. Makochi yamelala uani chini ya turubai. Ni kwa muda tu, mpaka waote manyoya. Mke wangu ameapa kwamba asipoulizwa hatasema. Akiulizwa, atasema. Mwanamke mnyoofu mno, hafai kwa biashara.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa kompyuta, kaleta ushauri bila kuitwa. Ana programu yake, picha safi, eti unahesabu mpaka kope za mtu. Akatazama vifaranga, akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Nimechagua nyingine, ya zamani. Maandishi matupu. Nimemwambia mama mkwe ndiyo salama zaidi, wezi wa mtandaoni hawawezi kumwibia mtu sura. Shemeji akauliza yangu ataiiba nani.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe anaandika kwa kidole kimoja. Kati ya “hujambo” na “mwanangu” nimelisha vifaranga na kufagia. Akauliza sebule inaendeleaje. Nikamjibu imechangamka. Sikusema uongo.

Jioni kachoka. Anataka sauti. Kuna mtu kamwambia sauti inawezekana. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kina bisibisi mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu programu tatu za sauti. Ya kwanza ilidai kompyuta mpya. Hii yetu ikiwaka hunguruma kama mashine ya kusaga. Ya pili iliwasha kamera yenyewe, nikairukia kwa kiganja. Ya tatu ni ya kiungwana, haina kamera kabisa.

Tukaongea vizuri, kisha mama mkwe akatega sikio.

“Mwanangu, nini hicho kinacholia piyo piyo?”

Nikamwambia ni programu, hulia hivyo ujumbe ukiingia.

“Mbona jumbe nyingi hivyo?”

Nikasema mimi ni mtu wa watu. Akasema mlio ni mtamu, naye atawekewa kwenye yake. Nimelala nikijipongeza.

Jumapili, 9 Machi
Mwanawe mkubwa kashinda kutwa akiutafuta ule mlio. Hajaupata. Mama mkwe kampigia Shemeji, naye, kwa adabu zote, kamweleza kuwa mlio ule uko kwenye kompyuta hii tu. Akitaka kuona unavyotokea, tutumie programu ya picha. Kaja kuiweka mwenyewe, anapiga mluzi.

Jumatatu, 10 Machi
Nilitundika shuka nyuma ya kiti. Vifaranga nikawafungia jikoni. Uso wa mama mkwe ukajaa kioo kizima. Tukasalimiana, tukaulizana mvua, tukaulizana magoti yake. Nikaanza kujiona mjanja.

Mke wangu akafungua mlango wa jikoni kuchukua sufuria.

Sikujua kama vifaranga wameizoea kompyuta ile kwa joto lake. Walipita chini ya shuka kama maji ya mafuriko. Shuka likaanguka. Mmoja akapanda kwenye kibodi, akamtumia mama mkwe ujumbe wa herufi k, mstari mzima.

Mama mkwe akamwita binti yake, akamuuliza.

Mke wangu alisema yote. Hata kioo cha kabati kilichopasuka, ambacho hakuulizwa.

Nilingoja radi. Haikupiga. Kwa sauti ya upole akasema vifaranga watoke leo, makochi yarudi leo, na kuanzia kesho programu ya Shemeji iwake asubuhi hadi jioni, kamera ielekee sebuleni. Atakuwa anafuma, anainua macho, anaona nyumba yake. Nikasema sawa, Mama.

Jumamosi, 15 Machi
Vifaranga wako kwa jirani. Siku zote hizi nimekaa kochini nikitazamwa. Nikijikuna, mama mkwe anauliza kama kuna kunguni.

Leo nimepata programu nyingine, nzuri ajabu. Badala ya kamera, unaweza kuweka picha. Nimepiga picha ya sebule ikiwa safi, makochi yote, mimi katikati nasoma gazeti. Nimeiweka tangu asubuhi. Mama mkwe kamwambia binti yake kwamba nimetulia, sasa nimekuwa mtu mzima. Shemeji kapita, kauliza gazeti hilo nitafungua lini ukurasa wa pili. Wivu tu.

Kosa langu nimeligundua, nami si mtu wa kurudia kosa. Lilikuwa kuku. Kuku wana kelele.

Kware wanaletwa kesho.