Ruines ya Bungulu

Siku ya tatu, 4 février
Plan iko tayari! Posho, siku ya sita, napeleka Kavuo na bazazi bake kwa visite culturelle: kanisa ya bapadri ba zamani, kijiji ya bamama benye kusuka bitunga, kiisha ruines, manyumba ya zamani yenye kuanguka, ku Beni. Papa Siméon, baba yake, alisema hatanipa mutoto yake nimuoe mbele ya kuona kama naweza kuongoza batu. Donc, guide! Shida moja: ruines, sina.

Siku ya tano, 6 février
Nimepata! Bungulu, njia ya nyuma: bukuta ya matofali, hapana paa, majani mpaka kifua. Hapana mutu wa kuulizia. Bora! Nilibuni chef moja, mutawala wa zamani, nikamupa bibi saba. Lakini Josaphat, jirani yetu ya quartier Kimemi, mwenye kumutaka Kavuo pia, amesikia, naye anakuja. Na moto mupya, pikipiki ya kungaa!

Posho, 7 février
Mungu wangu.
Kanisa: nilisema kengele ilitoka Roma na bapadri ba kwanza. Mama Berthe, mama ya Kavuo, akasema yeye alibatizwa pale, kengele haikuwako, balikuwa banapiga chuma ya gari.
Kijiji: nilikamata kitunga nionyeshe kazi. Chini ikageuka juu. Josaphat alisuka yake sawasawa, mama moja akamuita mukwe. Kavuo alicheka. Alicheka!
Haraka, ruines! Nilipanda juu ya bukuta, nikatangaza: hapa chef mukubwa alianza nyumba, majivuno ikamushinda, akakimbia, akaachia panya. Papa Siméon anapapasa matofali. Mama Berthe akacheka mpaka akaikala chini. Alisema ule chef ni bwana yake, anajenga ile nyumba tangu Kavuo eko ku primaire.
Chantier yake. CHANTIER YAKE!
Papa aliniambia tu: posho ijayo, nikuje na coupe-coupe ya kukata majani.

Posho, 14 février
Nilikata majani mpaka mugongo ikalia. Lakini Josaphat hakuitwa! Mutu anaita mukwe kwa kazi ya kiwanja, haiti mugeni. Kavuo alileta chakula ya sombe, akaninong'oneza: Papa anakaribia kukubali, leo funga kinywa, nakuomba.
Nilifunga. Kabisa.
Mais chini ya majani niliona shimo refu ya matofali. Papa anasema ni fosse ya choo. Fosse! Matofali namna hii? Ni njia ya siri ya chef, alipitia pale na bibi saba.
Kesho, kisha misa, naleta kwaya yote ya parokia, nibaonyeshe ile njia. Papa atafurahi sana.